Jinsi ya Kuitazama Columbo: Mwongozo kwa Mtazamaji Anayeanza

Mtazamaji aliyezoea hadithi za upelelezi huanza kuitazama tamthilia ya Columbo akiwa na swali lisiloihusu. Hukaa akisubiri kujua nani kaua, kumbe muuaji, silaha, chumba na saa ya tukio vyote anaonyeshwa kabla mpelelezi hajatokea. Wapo wanaoizima hapo hapo, wakiamini kwamba siri imekwisha na hakuna tena cha kutazama. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyesikia sifa za luteni huyu wa polisi wa Los Angeles mwenye koti la mvua lililokunjamana, akataka kujua aanzie wapi na aangalie nini ili utamu wake umfikie.

Historia yake yatosha kuelezwa kwa ufupi. Columbo alibuniwa na waandishi wawili wa Marekani, Richard Levinson na William Link. Alionekana mara ya kwanza katika mchezo wa televisheni wa mwaka 1960, akiigizwa na Bert Freed, kisha akapandishwa jukwaani mwaka 1962, ambako aliigizwa na Thomas Mitchell, na mwaka 1968 akarudi kwenye televisheni katika filamu ya "Prescription: Murder", ambayo ndiyo iliyompa nafasi hiyo Peter Falk. Mfululizo wenyewe ulianza kuoneshwa na kituo cha NBC mwezi Septemba 1971, ukasimama mwaka 1978, ukafufuliwa na ABC mwaka 1989 na kufikia mwisho mwaka 2003. Jumla yake ni sehemu 69, ukizihesabu zile mbili za majaribio, na nyingi kati yake zina urefu wa dakika kama 75 au kama 95. Kila moja ni hadithi kamili inayojitegemea, kwa hiyo hakuna haja ya kuzifuata kwa mpangilio wa miaka, na hakuna ubaya wa kuruka.

Badili swali kabla ya kuanza

Msomaji wa riwaya za upelelezi za Kiswahili amekulia kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na utulivu wake, ambaye hukusanya alama ndogondogo na mwishoni akawaeleza waliomzunguka jinsi alivyomfikia mkosaji. Jadi hiyo inamfuata Sherlock Holmes, na raha yake ni kufumbuliwa fumbo. Columbo inafuata njia nyingine, ambayo mwandishi Mwingereza R. Austin Freeman aliifungua katika mkusanyiko wa hadithi alioutoa mwaka 1912. Freeman alikuwa daktari, na ujanani alifanya kazi Accra, katika nchi ambayo sasa ni Ghana, kabla maradhi hayajamrudisha kwao. Katika hadithi zake za namna hiyo, uhalifu husimuliwa kwanza ulivyotendeka hatua kwa hatua, kisha upelelezi hufuata, na msomaji aliyekwisha kujua yote hubaki akijiuliza mpelelezi atayajuaje.

Levinson na Link waliichukua njia hiyo na kuiongezea jambo ambalo ndilo roho ya tamthilia nzima: mpelelezi ambaye muuaji hamhesabu kuwa mtu wa kuogopwa. Kwa hiyo swali la kuingia nalo ni hili: huyu muuaji, pamoja na akili zake zote na mipango yake yote, atajikwaa wapi? Ukishika swali hilo, dakika za mwanzo, ambazo mara nyingi hufika 15 au 20 bila Columbo kuonekana, hazitakuchosha hata kidogo. Muuaji anapanga, anapiga simu, anasogeza mikono ya saa, anafuta alama za vidole, anajitafutia mashahidi watakaosema kwamba saa ile alikuwa kwingine, na wewe ndiwe mtu pekee unayemwona.

Ninashauri ukae na karatasi, angalau katika sehemu tatu za kwanza utakazotazama. Andika kila jambo ambalo kwako linaonekana kuwa kosa la muuaji kabla Columbo hajafika: taa aliyosahau kuizima, barua aliyoifungua, kitu alichokiokota sakafuni. Simu yako iweke mbali, kwa kuwa ushahidi mwingi hupita kwa picha bila neno kusemwa, na kamera hukaa juu yake kwa sekunde chache tu. Columbo akishaingia, linganisha orodha yako na mambo yanayomsumbua yeye. Mara nyingi utakuta umeandika makubwa, naye ameshika dogo ambalo ulilipita: kwa nini mtu aliyefiwa na mwenzake alikwenda kufungua barua zake za siku hiyo, kwa nini marehemu alivaa hivi akiwa mahali fulani. Katika tofauti hiyo ndipo utaanza kuona jinsi anavyofikiri.

Mtazame zaidi muuaji

Macho ya mtazamaji mgeni hukimbilia kwa Columbo, na sababu zipo. Koti lile la mvua, ambalo lilikuwa la Peter Falk mwenyewe, amelivaa hata katika jua kali la California. Anavuta sigara nene zinazonuka. Gari lake ni Peugeot 403 kuukuu ya mwaka 1959, yenye paa la turubai. Ana mbwa mvivu mwenye masikio yanayoning'inia, ambaye hakupewa jina ila Mbwa. Anamtaja mkewe kila mara na mkewe haonekani hata siku moja. Falk alitolewa jicho la kulia akiwa na umri wa miaka 3 kwa sababu ya saratani, akawa anatumia jicho la bandia, na yale makengeza na kule kuinamisha kichwa anapofikiri kumekuwa sehemu ya mhusika.

Yote hayo ni ya kupendeza, lakini ukiyatazama peke yake utamwona mchekeshaji. Jaribu badala yake kuutazama uso wa yule anayezungumza naye. Wauaji wa tamthilia hii ni daktari bingwa wa upasuaji, kiongozi wa okestra, mhakiki wa sanaa, bingwa wa mchezo wa sataranji, kanali mkuu wa chuo cha kijeshi, mwandishi wa vitabu vinavyouzwa sana. Wanaishi katika nyumba kubwa zenye bustani, wamezoea kusikilizwa na kutiiwa. Anapowafikia mtu mfupi mwenye nywele zisizochanwa, akiwaomba radhi kwa kuwapotezea muda na akisifu samani zao, wanafarijika. Utaiona faraja hiyo ikiwashukia usoni, kisha dharau, kisha ukarimu wa mkubwa kwa mdogo: wanaanza kumsaidia. Wanampa maelezo ambayo hakuyaomba. Wanambunia jinsi mauaji yalivyoweza kutokea. Na kila wanachompa kinakuwa kamba mkononi mwake.

Katika "Prescription: Murder" muuaji ni daktari wa magonjwa ya akili, Ray Flemming, anayeigizwa na Gene Barry, naye ana akili ya kutosha kuliona jambo hili. Akiwa amekaa na Columbo, anamwambia waziwazi kwamba anajua mchezo wake: kwamba Columbo anaishi kwa kujionyesha kuwa mdogo kuliko alivyo, kwamba watu humdharau kwa sura yake na papo hapo ndipo anapowanasa. Uchunguzi wa daktari yule ni sahihi kabisa, na bado haumwokoi. Naliona tukio hilo kuwa ufunguo wa mfululizo mzima, kwa sababu linatuonyesha kwamba dharau haiondoki kwa mtu kuambiwa kwamba anadharau. Flemming ameijua silaha, ameitaja, na akaendelea kujiona yeye ni mkubwa kuliko aishikaye.

Hapa pana swali ambalo wapenzi wa tamthilia hii hubishania: je, Columbo anajifanya, au ndivyo alivyo? Ushauri wangu ni kutafuta matukio ambayo hayuko mbele ya mshukiwa. Katika "Negative Reaction" ya mwaka 1974, anaingia katika nyumba ya hisani inayolisha maskini, akimtafuta shahidi. Mtawa wa pale anamwona, anaamini kwamba ni mtu asiye na makazi, anampa bakuli la chakula na kutaka kumtafutia koti jingine. Columbo anakula, anashukuru kwa adabu ileile aliyowaonyesha matajiri, na anaeleza kwamba koti lake analipenda. Anapojitambulisha kuwa polisi, mtawa anadhani amejigeuza kwa ajili ya kazi na anamsifu kwa kujigeuza vizuri. Hakuna mshukiwa mle wa kunaswa, na mwenendo wake haubadiliki. Kwa maoni yangu adabu yake ni ya kweli. Anachofanya mbele ya muuaji ni kuiacha idharauliwe bila kujitetea.

Hasira yake ni nadra sana, na kwa hiyo inapofika ishike vizuri. Katika "A Stitch in Crime" ya mwaka 1973, Leonard Nimoy anaigiza daktari wa upasuaji aliye baridi kama chuma cha kazi yake. Daktari anacheka mbele ya Columbo, na Columbo anakipiga chombo cha maji kwa kishindo juu ya meza yake, kisha anamwambia bila kuzungusha maneno kwamba anamjua. Sauti imebadilika, macho yamebadilika, samahani zimekwisha. Ni sekunde chache, na uso wa Nimoy katika sekunde hizo unastahili kutazamwa mara mbili.

Sikiliza anavyoaga

Njia yake maarufu kuliko zote ni kurudi. Amekwisha kuuliza, amekwisha kushukuru, ameufikia mlango, muuaji ameshusha pumzi, halafu anageuka na mkono juu ya paji la uso: kuna jambo moja dogo limebaki. Waandishi wameeleza kwamba ilianza walipokuwa wakiandika mchezo wa jukwaani: tukio moja lilitoka fupi, Columbo alikuwa amekwisha kutoka nje, nao kwa uvivu wa kupiga chapa upya wakamrudisha aulize swali jingine.

Kwetu jambo hili lina mahali pa kulishikia. Mgeni anaweza kukaa barazani saa nzima, akaulizia hali za wazee na watoto, mvua na mazao, akanywa chai hadi ikaisha, na shida iliyomleta akaitaja akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni. Aliyelelewa hivyo hatadanganywa na maswali ya mwanzo ya Columbo kuhusu bei ya viatu au shemeji yake anayependa kupiga picha. Atajua kwamba neno lenyewe linakuja mlangoni. Kwa hiyo sikiliza vitu viwili. Kwanza, kumbuka swali la mlangoni linarudi kwenye maneno gani yaliyosemwa katikati ya mazungumzo, kwa sababu huwa halitoki hewani. Pili, sikiliza jibu. Muuaji aliyestarehe hujibu haraka, na akijibu haraka huongeza uongo mpya wa kuutegemeza ule wa kwanza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Columbo huitembea pamoja naye hatua kwa hatua, akimsifu njiani, hadi inapokatika.

Kwa Kiingereza Falk anazungumza kwa kukatisha sentensi, anarudi nyuma, anajitafuta mifukoni huku akisema. Hata anayekijua Kiingereza vyema atafaidika kwa kuwasha maandishi ya chini ya skrini.

Sehemu za kuanzia

Anza na "Murder by the Book", iliyooneshwa tarehe 15 Septemba 1971. Mwongozaji wake ni Steven Spielberg akiwa bado kijana, na mwandishi ni Steven Bochco. Waandishi wawili wa riwaya za upelelezi wanataka kuachana. Mmoja ndiye anayeandika, mwingine, anayeigizwa na Jack Cassidy, ana tabasamu na mavazi tu, na anaamua kumuua mwenzake. Sikiliza mwanzo wake: mashine ya taipu inagonga, na hakuna muziki wowote, wakati gari la muuaji linakaribia chini ya jengo. Na Columbo anapoingia, mtazame akiwa na mjane wa marehemu. Anampeleka nyumbani, anaingia jikoni kwake, anavunja mayai na kumpikia, akizungumza naye taratibu. Anafanya upelelezi, lakini mwanamke yule hajala, naye ameliona hilo.

Ya pili iwe "Suitable for Framing" ya mwaka huohuo. Mwisho wake sitauandika hapa, ila nakuomba uangalie mikono ya Columbo tangu katikati hadi tukio la mwisho. Ni mwisho safi kuliko yote katika mfululizo, nao haupiti hata dakika moja baada ya kunaswa kwa mtu.

Ya tatu ni "Any Old Port in a Storm" ya mwaka 1973, na hii nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa inafundisha mengi. Donald Pleasence anaigiza Adrian Carsini, mtu aliyetoa maisha yake yote kwa mvinyo. Kiwanda anachokiendesha kisheria ni mali ya ndugu yake wa baba, ambaye hakijali na anataka kukiuza. Adrian anampiga kwa ghadhabu, anamfunga katika ghala la chini la mvinyo, anazima mtambo wa kupoza hewa na kusafiri kwenda New York kwenye mnada, akimwacha akose hewa mle ndani. Mpango unafaulu, isipokuwa kwamba siku alizokuwa safarini joto lilipanda kupita kiasi, na ghala halikuwa na kipozeo.

Columbo hajui kitu kuhusu mvinyo, naye haoni haya kwenda kufundishwa. Kisha anamwalika Adrian na katibu wake chakula cha jioni hotelini, na chupa ya thamani inaletwa mezani. Adrian anaonja na kulipuka: mvinyo huu umeharibiwa na joto, nani amethubutu kuuleta? Anawafokea wahudumu mbele ya watu wote. Chupa ilitoka katika ghala lake mwenyewe. Ni wachache wangeweza kulitambua kosa lile kwa ulimi, naye ni mmoja wao, na ujuzi aliojivunia ndio uliotoa ushahidi. Zingatia jinsi tamthilia isivyomcheka. Columbo anampenda mtu huyu, anaiheshimu kazi yake, na mwishoni, wakiwa garini, anamletea mvinyo aliouchagua vizuri kwa saa kama ile. Adrian anamwambia amejifunza vyema, na Columbo anaipokea sifa hiyo kwa furaha ya mwanafunzi.

Baada ya hizo tatu, fuata waigizaji. Jack Cassidy alirudi kuwa muuaji mara mbili zaidi, Robert Culp aliigiza wauaji watatu, na Patrick McGoohan wanne. Ya kwanza kati ya hizo za McGoohan, "By Dawn's Early Light" ya mwaka 1974, ilimpatia tuzo yake ya kwanza ya Emmy. "Swan Song" ya mwaka huohuo ina Johnny Cash, mwimbaji wa kweli akiigiza mwimbaji. "Forgotten Lady" ya mwaka 1975, yenye Janet Leigh, iache hadi uwe umetazama kama kumi hivi, kwa sababu nguvu yake inategemea wewe kuwa umekwisha kumzoea Columbo akimpeleka kila mkosaji mbele ya sheria. "Last Salute to the Commodore" ya mwaka 1976 usiianze nayo kabisa: inavunja utaratibu wa kumwonyesha muuaji mapema, na mtazamaji mgeni atapotea.

Sehemu za ABC, kuanzia 1989, zina mazuri yake, lakini nyingi zimerefushwa kuliko hadithi zinavyobeba, na Columbo mara nyingine anaigizwa kwa mzaha mzito kuliko zamani. Zitazame baada ya kumaliza za NBC. Kisha rudi kwenye "Prescription: Murder" ya mwaka 1968, hata kama uliwahi kuiona mwanzoni. Columbo wa filamu hiyo amechana nywele, nguo zake ni safi zaidi, sauti yake ni kali, na anamwandama mshirika dhaifu wa muuaji kwa ukatili ambao baadaye hauonekani tena. Weka sehemu hiyo karibu na "Any Old Port in a Storm" kwa usiku mmoja, na utaona ni mambo gani Falk aliyaongeza na yapi aliyapunguza katika miaka mitano hiyo.